Mtumbwi Bubu

Miluzi alileta shati lake la kazi kwa fundi cherehani mchana kweupe, akalitandaza juu ya meza, akasema anataka lishonwe alama za nahodha begani. Fundi cherehani huyo alikuwa mke wa nahodha. Miluzi alilijua hilo vizuri kabisa. Yeye alikuwa msaidizi wa nahodha kwenye kivuko, na alikuwa amekula kwenye meza hiyo hiyo mara nyingi, tena anaongezwa bila kuomba. Mafundi walijaa mtaani, wengine bei zao poa kuliko za pale. Alikuja pale kwa sababu alitaka kuja pale.

Mama huyo alisimama. Alivuta utepe wa kupimia uliokuwa shingoni, akampima mabega, akamuuliza nahodha aliyepo amehamia wapi hata kivuko kitafute mwingine. Miluzi akasema hajahama, ila tangu kivuko kiigonge gati usiku ule, abiria wana maneno, na tajiri ana masikio. Kazi ya usiku inataka macho, alisema. Kisha akaangalia dari na kuanza ile miluzi yake iliyompa jina. Mama akampima kifua, na utepe akaukaza kuliko ilivyohitajika.

"Sina haraka," Miluzi akasema alipokuwa anatoka. "Mbio zikipita nitalifuata."

Binti wa nyumba alikuwa kwenye kizingiti anapiga pasi. Alisikia yote, akabonyeza pasi juu ya suruali ya mteja mpaka ikaanza kunuka.

Mbio zenyewe nahodha alijitakia kwa mdomo wake. Tajiri mwenye kivuko alimwita mbele ya wafanyakazi wote amweleze gati imegongwaje, na nguzo ya taa imeangukaje. Mtu mwingine angeinamisha kichwa akaomba radhi. Yeye akatunisha kifua. Alisema mkondo ulibadilika, na kwamba mto huu usiku hakuna anayeujua kama yeye. Kama kuna mwenye wasiwasi na macho yake, wampe mtumbwi akashindane mbio za usiku, tena akae kiti cha nyuma, kile cha kuongoza. Tajiri akacheka. Akasema vizuri, maliza hizo mbio ukiwa kiti cha nyuma, zamu ya usiku ibaki yako. Usipomaliza, zamu ni ya Miluzi na wewe utakaa kwenye kibanda cha tiketi. Zamu ya mchana ilikuwa ya mkwe wa tajiri, na hilo halikuwa na mjadala.

Sasa ukweli wa mambo, ambao waliujua watu watatu tu wa nyumba hiyo: jua likishazama, macho ya nahodha yalifunga duka. Mchana alikuwa mzima, anasoma hata maandishi madogo ya kwenye chupa ya dawa. Giza likiingia alibaki na ukungu mweusi na basi. Hospitali hakwenda. Alisema akienda, habari zitafika kwenye gati kabla yake. Kwa hiyo nyumba nzima ilijifunza kuona kwa niaba yake. Ukiweka kikombe mezani usiku, ulikigonga kidogo ajue kilipo. Sahani uliigonga kwa kijiko. Mlango uliugonga kwa kucha kabla hajaufikia. Mama alivaa subana ya chuma kidoleni asijichome na sindano, na kwa subana hiyo aligonga kila kitu, ko, ko, kutwa hadi kulala. Mgeni akija hakuona ajabu, alidhani ni kelele za watu wa kazi. Miluzi mwenyewe alikula pale usiku mara ngapi, na hakugundua kitu.

Ila kuongoza kivuko kwa uwongo huo ni jambo lingine. Kivuko kilipakia wagonjwa, wajawazito, watoto wamelala mgongoni. Katika nyumba ile jambo hilo halikuwa likisemwa.

*

Mitumbwi ya mbio za usiku ina watu wawili wawili. Inaondoka daraja la juu jua likizama, inateremka na mto usiku kucha, inamalizia kwenye gati ya kivuko. Taa hairuhusiwi mbele, ila kandili moja ndogo nyuma ili wengine wasikugonge. Wa nyuma anaongoza. Wa mbele anaita: gogo kushoto, mchanga kulia, shika katikati. Usiku wa mbio mto mzima unakuwa kelele za waitaji.

Lakini nahodha enzi zake alijisifu kwamba mtumbwi wake ni bubu. Hakutaka kuitiwa na mtu. Watu walimpachika sifa hiyo ikamkaa, na sasa akiitiwa hata mara moja, kila mtu atajua kwamba bubu amepata ulimi, na atauliza kwa nini.

Mama ndiye aliyepata dawa. Alimkalisha binti yake mezani, akavua subana, akamwekea mbele.

"Mara moja, kushoto. Mara mbili, kulia. Ukikwaruza, asimame. Utagonga na kafi kwenye ubavu wa mtumbwi, polepole, ionekane ni mtu anapiga kafi vibaya."

Binti akasema yeye si wa kwenda. Shangazi yake ng'ambo ya mto alikuwa na karakana ya kushona viti na makochi, alikuwa amemwita akafanye naye kazi, na mwaka ulikuwa unaisha yeye akiambiwa kesho, kesho kutwa. Kila mara kulikuwa na sababu, na sababu yenyewe kila mara ilikuwa baba.

"Usiku mmoja tu," mama akasema. "Mbio zikiisha, nenda kwa huyo shangazi yako. Hata begi nitakubebea mimi."

"Na kivuko je? Nani atamgongea kwenye kivuko?"

"Kivuko amekizoea. Anakijua kwa mlio wa injini."

"Gati nayo aliijua kwa mlio."

Mama alimtazama kwa chuki ya wazi kabisa, ile ambayo mzazi anakuwa nayo kwa mtoto anayesema kweli. Nahodha alikuwa amekaa hapo hapo. Aligeuza uso ukutani, akasema kwa sauti ya chini kwamba binti wa watu wengine angeona fahari kukaa mtumbwi mmoja na baba yake. Binti akachukua subana na kuanza kugonga meza. Moja. Mbili. Akakwaruza. Walifanya hivyo jioni nyingi, na hakuna aliyekuwa akimsemesha mwenzake.

*

Siku ya mbio jua lilizama vizuri tu, na watu daraja la juu walipiga makofi nahodha alipokaa kiti cha nyuma. Aliwapungia mkono kwa sababu bado alikuwa anawaona. Miluzi alikuwa mtumbwi wa pembeni na binamu yake. Alimwamkia nahodha kwa heshima zote, shikamoo mkubwa, na nahodha akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu anayetema.

Kisha giza likaingia, na binti akaanza kazi. Mwanzoni iliwaendea vizuri ajabu. Mzee alikuwa na mikono. Akigongewa mara moja, mtumbwi unajipinda kushoto papo hapo, bila kutapatapa. Walipita nguzo za daraja la reli wote wawili kimya, huku waitaji wa mitumbwi mingine wakikauka koo, na mtu mmoja gizani akasema, yule pale mzee, bado bubu. Binti alisikia baba yake nyuma akipumua kwa raha. Alijikuta naye anafurahi, halafu akajichukia kwa kufurahi.

Shida ilikuja mahali mto unapogawanywa na kisiwa cha mchanga na mitumbwi inabanana. Miluzi alikuwa amewasogelea. Hakuwa akipiga miluzi tena, alikuwa anasikiliza.

"Mbona kafi lako linagonga gonga, mdogo wangu?" aliuliza. "Hujui kupiga, au unatuma salamu?"

Binti akasema mikono imechoka. Baada ya hapo akaogopa kugonga. Mbele yao upande wa kulia kulikuwa na kandili inayumba, mtumbwi umekwama mchangani na umekaa mshazari. Aliuona. Alijua anatakiwa agonge mara moja. Lakini Miluzi alikuwa pale pale ubavuni, anaweza kumgusa kwa kafi, na binti akasema moyoni ngoja apite kidogo, ngoja kidogo tu. Alipokuja kukwaruza walikuwa wameshafika.

Mtumbwi wao uliingia kwenye ule mwingine kwa nguvu ya mkondo wote. Kulikuwa na mlio wa mbao, kisha mlio wa mtu. Alikuwa mke wa fundi baiskeli, jirani wa mtaa wa pili, na mkono wake ulikuwa umebanwa katikati ya mitumbwi miwili. Mumewe alikuwa majini, anaushika mtumbwi na kumshika mke, anaita watu wasimame.

"Ninyi hamna macho?" nahodha akafoka gizani. "Mnakaa katikati ya mto, hamuoni?"

Akasubiri. Kisha akainama mbele, akamuuliza binti yake kwa kunong'ona kama lile lilikuwa gogo.

"Watu, baba."

"Wameumia?"

"Mama wa baiskeli. Mkono."

Nahodha akalishika kafi juu ya maji. Mtu anaweza kufikiri mengi kwa muda ule, na yeye aliyafikiri: kwamba akisimama atalazimika kushuka, kwamba akishuka ataulizwa shika hapa, vuta pale, na hataona hapa wala pale. Alimhurumia yule mama. Lakini alijihurumia mwenyewe zaidi.

"Piga kafi," akasema.

Binti hakupiga. Mzee akausukuma mtumbwi peke yake, mkondo ukawachukua, na yule mama alibaki nyuma yao analia. Mtumbwi mwingine ulisimama kuwasaidia. Miluzi naye hakusimama, tuwe wakweli. Alikuwa ameshatangulia.

*

Kwenye kituo cha mwisho cha maji ya kunywa, kabla ya gati, mama alikuwa ameingia mtoni mpaka magotini, ndoo mkononi, anawasubiri wa kwake. Alimnywesha mumewe kwanza. Alipomfikia binti hakumuuliza hali, alimpa maji na habari kwa pamoja: kwamba amezungumza na tajiri jioni ile, na tajiri amekubali amchukue binti kwenye kivuko kama mshika kamba. Zamu ya usiku. Pamoja na baba.

"Si ulisema usiku mmoja?"

"Nimekutafutia kazi, unaninunia?"

"Hukuniuliza."

"Nikuulize nini? Utasimama pale mbele, kamba mkononi, una chuma cha kugonga. Nani atajua?" Mama alishusha sauti. "Ukiondoka wewe, yule atauza tiketi. Unamwona baba yako anauza tiketi? Anamwita Miluzi nahodha? Mimi simuoni."

Binti akamweleza habari ya mke wa fundi baiskeli. Alimweleza haraka haraka kwamba mkono umevunjika, ameona kwa macho yake, na kwamba hawakusimama. Mama alirudisha kikombe ndani ya ndoo.

"Mkono unaungwa," akasema. "Nendeni."

Hapo ndipo binti alipojua kwamba hakuna mbio zinazoisha. Atasimama mbele ya kivuko kila usiku, mvua na baridi, anagonga, mpaka baba yake azeeke au mpaka siku ambayo hatagonga kwa wakati. Na siku hiyo hautakuwa mkono mmoja.

Hata hivyo kipande kilichobaki alikigonga chote, vizuri, bila kukosea. Hakutaka kuua mtu kwa hasira.

*

Walifika gati bado giza. Taa kubwa ya hapo haikuwepo, nguzo yake ililala kando pale nahodha mwenyewe alipoiangusha, na watu walikuwa wanajimudu kwa makandili. Hawakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Miluzi alishafika, amejifunika taulo. Binti alitangulia kushuka, akamshika baba yake kiwiko kama anayemsaidia mtu aliyechoka, akampandisha ngazi, akamwachia. Alibaki nyuma yake, kafi mkononi. Mama alikuwa amewahi kwa njia ya nchi kavu, amesimama upande wa kushoto na ndoo yake ya bati.

Watu walipiga makofi. Tajiri akaja mbele, kandili ikiwa mgongoni kwake, tumbo mbele, mwenye furaha ya mtu aliyelala usingizi wake wote. Alisema kwa sauti ya kusikiwa kwamba wapo waliomletea maneno, na sasa wayameze. Mtu ameteremka mto usiku kucha bila kuitiwa hata neno. Zamu ya usiku ina mwenyewe. Kisha akanyoosha mkono.

Nahodha alikuwa anatabasamu. Alitabasamu kuelekea ilikotoka sauti, amenyooka, mikono ubavuni. Mkono wa tajiri ulikuwa hewani kulia kwake kidogo, karibu kabisa.

Kikombe kinagonga, sahani inagonga. Mkono haugongi.

Binti aliuona. Kafi lilikuwa limegusa sakafu ya saruji, hakuhitaji hata kulinyanyua, alihitaji kulitikisa tu. Mara mbili. Alifikiria karakana ya shangazi yake, lakini tusimpake rangi mbaya, hakufikiria hiyo peke yake. Alisikia tena ule mlio wa mbao na ule uliofuata. Alimpenda baba yake, na alimchukia, na alikuwa na usingizi. Akalikaza kafi kwa mikono yote miwili lisitikisike.

Mkono ukakaa hewani. Makofi yakapungua. Nahodha akaanza kuhisi kwamba kuna kitu kinasubiriwa, tabasamu likamganda, akageuza kichwa kidogo kama mtu anayetega sikio. Na mama, ambaye aliona yote kutoka alipokuwa, akafanya alichokuwa amekifanya kila usiku wa Mungu ndani ya nyumba yake. Hakufikiri. Aligonga ndoo kwa subana, ko, ko.

Uso wa nahodha ukafunguka. Aligeukia mlio, akapiga hatua moja, akanyoosha mkono wake kwa ndoo.

"Asante, bosi," akaiambia.

Mtu mmoja alicheka, halafu akaacha. Tajiri aliuangalia mkono wake mwenyewe, akausogeza mpaka mbele ya macho ya nahodha, akaupeleka huku na huku. Kisha akautia mfukoni.

"Umewavusha watu wangu hivi tangu lini?" aliuliza.

Mkono wa nahodha bado ulikuwa kwa ndoo, na mama hakuthubutu kuushika wala kuusogeza. Miluzi aliyesimama pale na taulo lake hakupiga mluzi. Akaangalia chini, labda kwa aibu, labda anahesabu siku za kufuata shati.

*

Shati lilishonwa jioni ya siku iliyofuata. Mama alisema kazi ni kazi. Alikaa karibu na taa ya mezani, anashona alama za begani kwa mkono, na tangu asubuhi hakuwa amemwambia binti yake neno zaidi ya pisha hapo. Binti alikuwa amekwenda kwa fundi baiskeli mchana, akafungiwa mlango. Sasa alikuwa amesimama na begi lake miguuni. Hakuna aliyejitolea kulibeba.

Nahodha alikaa mwisho wa meza, ambako mwanga haukufika. Kule mtoni kivuko kilipiga honi ya kuita abiria wa kwanza wa usiku, ndefu, ikavutwa na kuvutwa.

"Anaibana honi kama mtoto aliyepewa filimbi," alisema. Baada ya muda akauliza, bila kugeuza uso, "Mkono wa bosi ulikuwa upande gani?"

Binti alijua anaulizwa yeye.

"Kulia kwako, baba. Karibu."

"Ungegonga mara mbili."

"Ndiyo, baba."

"Ulisahau?"

Sindano ya mama ikasimama.

"Sikusahau," binti akasema.

Nahodha alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu na hana la kupunguza. Halafu akaunyoosha mkono wake wa kulia juu ya meza, gizani, akaupeleka kidogo huku, kidogo kule, akausimamisha.

"Hapa?"

"Hapo hapo," binti akasema. Akachukua begi lake, akatoka kwenda kuwahi kivuko.

Mkono wa nahodha ulibaki pale pale, umenyooshwa. Mama aliutazama, subana kidoleni, na hakugonga kitu.